Sarafu ya kale na mahali ilipolala

Barazani kwetu Mji Mkongwe, Zanzibar, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, tunakutana watu sita tunaopenda sarafu za kale. Kila mmoja huja na yake mfukoni. Karibuni mwenzetu alifungua kipande cha gazeti akatoa pesa ya Seyyid Barghash: shaba iliyoiva weusi, upande mmoja jina la Sultani na dua, upande wa pili picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani kama 1882 kwa Miladi. Ilikuwa ya bibi yake, ikikaa miaka yote ndani ya kikebe cha vifungo. Tuliipokezana, mzee mmoja akaisoma kwa sauti, na kijana aliyekuja kunywa kahawa tu akajua siku ile kwamba neno "pesa" analolitaja kutwa limetokana na paisa ya Bara Hindi.

Wiki mbili baadaye mwenzetu mwengine, mtu wa Pemba, alikunjua leso. Ndani mna vipande saba vya fedha, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Zimetoka ardhini, upande wa Mtambwe," alisema. Mtu akauliza bei, na mjadala ukaanza papo hapo.

Wanaotetea wakusanyaji wana hoja ya kweli. Riale ngapi za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, zimeishia kwa sonara, zikayeyushwa zikawa bangili na vikuku? Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna mtu alizipenda. Tena mapenzi hayo huleta elimu: aliyezoea kushika riale anajua kwamba karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka ule haumwambii mtu umri wa sarafu aliyonayo. Na wanaongeza jambo linalouma: hata nyumba ya makumbusho si salama siku zote. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka mbele ya macho yetu. Kwa nini basi, wanauliza, sarafu isikae kwa mtu anayeijali?

Kwa pesa ya bibi nakubaliana nao moja kwa moja. Kwa vile vipande saba siwezi, na sababu yangu iko huko huko Mtambwe.

Mwaka 1984 watafiti waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo kama zile za kwenye leso, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za makhalifa wa Kifatimi, waliotawala Misri. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani yetu, akiwemo Ali bin al-Hasan. Jina linakaa upande mmoja, sifa za Mwenyezi Mungu upande wa pili, na pande mbili zinakutana kwa vina kama mishororo ya shairi. Uzuri wake hausemeki, lakini hazina mwaka. Wataalamu walikuwa wakimweka Ali bin al-Hasan huyu karibu na mwaka 1200. Dinari za Kifatimi zimeandikwa miaka, na ya karibuni zaidi ni ya karne ya kumi na moja. Kwa kulala shimo moja na zile za fedha, ziliirudisha nyuma historia ya watawala hao zaidi ya karne nzima.

Sasa tufikirie hazina ile ingeangukia jembe la mtu mwenye haraka. Dhahabu ingeuzwa siku ile ile, fedha ingegawanywa kumi kumi kwa wanunuzi, na sisi tungeendelea kuhesabu vibaya zama za wazee wetu. Hakuna hata sarafu moja ambayo ingevunjika. Kilichopotea kingekuwa ule ujirani wao tu, na ndio uliokuwa na habari yote.

Kuna na madhara madogo tunayoyafanya wenyewe kwa nia njema. Wengi wetu hukimbilia ndimu na jivu ili shaba ing'are. Inang'aa kweli, na maandishi yaliyokwisha kulika huondoka na uchafu. Nimeiharibu moja hivyo, na mpaka leo nikiishika naona haya.

Nilimuuliza yule ndugu wa Pemba: shamba la nani, kina gani, zilikuwa pamoja au mbalimbali? Hakujua. Alinunua kwa mtu, na mtu yule alinunua kwa mwengine.

Baadhi ya wenzangu wanasema tukikataa kununua, muuzaji atakwenda kwa mgeni na sarafu itavuka bahari. Hilo linaweza kutokea, sikatai. Lakini kila noti tunayotoa inampa mtu sababu ya kurudi na jembe usiku, na shimo la pili litafukuliwa kwa ajili yetu. Kwa hiyo tumekubaliana, baada ya maneno mengi: sarafu za urithi tunaendelea kuzileta, na kila moja inaandikwa kwenye daftari la skuli, ilikuwa ya nani na ilikaa wapi. Iliyotoka ardhini hatununui. Anayeileta tunamwomba atuonyeshe mahali, na mmoja wetu anafuatana naye mpaka Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Ndugu yetu wa Pemba bado hajaamua, na leso yake anayo.