Shajara Yangu Iliuzwa kwa Mia Mbili Mia Mbili

Watu husema ukikata tamaa, fungua ulichoandika zamani ujionee ulikotoka. Ushauri mzuri. Ila kwanza muulize mama yako kama hajafanya usafi.

Nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa kazi. Tangu serikali ihamie Dodoma, sisi wa bahasha za kaki tumejaa mjini. Nafasi mbili, ukumbi haupumui. Orodha ya waliopita ikatoka, jina langu halimo. Nikarudi nyumbani Chang'ombe, nikalala kifudifudi, ndipo nikalikumbuka kaunta buku langu.

Humo niliandika kila kitu tangu kidato cha pili: ada, njaa, mapenzi. Mapenzi niliyaandika kwa siri. Binti mwenyewe sikumtaja. Nilimwita Zabibu, kwa sababu kwao ni Hombolo na baba yake alikuwa na shamba la mizabibu. Nilijiona mjanja kuwashinda usalama wa taifa.

"Mama, lile kaunta buku la jalada jeusi liko wapi?"

"Yale makaratasi ya kwenye boksi? Nimempa Mama Karanga. Yalikuwa yanafuga panya."

Pole sikupewa. Nilipewa mlenda niuchambue.

Nikaukimbia mlenda. Mama Karanga anauzia jirani na kijiwe cha bodaboda, na kabla sijafika nilisikia vicheko. Mmoja alikuwa amemaliza karanga zake, akainyoosha karatasi na kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Leo Zabibu amenitazama. Sikuweza kula. Kesho nitajipaka mafuta mpaka magotini."

"Huyu mtu mgonjwa," akasema mwenzake. "Zabibu linakutazamaje?"

"Msimu wa mavuno si atakufa kabisa!"

Nikacheka nao. Tena nilicheka kwa sauti kuliko wote, wasije wakanishuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uniuzie hayo makaratasi yote."

"Karatasi siuzi. Nauza karanga."

Basi nikanunua karanga. Mia mbili, namimina mfukoni, nasoma. Mia mbili nyingine, namimina, nasoma. Kurasa zilikuja vurugu tupu: kidato cha tatu, kisha chuo, kisha tena kidato cha pili nalilia viatu. Mifuko ikajaa, nikahamia kwenye kofia. Mkoa huu karanga zimewahi kuwatoa watu jasho: Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta na mamilioni ya pauni ili walime karanga, na mwaka 1951 mradi ukafa. Mimi nilikuja na elfu tano.

Kikaratasi kimoja kilikuwa cha Februari 2013. Wa rika langu wameshaelewa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri, nami nikiwemo. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: MAISHA YANGU YAMEISHIA HAPA. Chini yake: "Kesho naenda Mpwapwa kwa mjomba, nichunge ng'ombe mpaka nife."

Nikanunua kwa pupa kutafuta kilichofuata. Kikapatikana: "Mjomba amekataa. Anasema ng'ombe wanahesabiwa kila jioni, na mimi hesabu nina F."

Hapo nikacheka cheko langu mwenyewe. Kijana alikuwa na uhakika kabisa kwamba amekwisha! Kumbe serikali iliagiza matokeo yale yapangwe upya, na yalipotangazwa tena mwezi Mei, sifuri yangu ilikuwa imegeuka daraja la nne, la mwisho mwisho, likanifikisha chuo cha cheti. Karatasi baada ya karatasi, huyu mtu anatangaza kifo chake, na kila mara ukurasa wa pili yu hai, anaulizia nauli. Habari za Zabibu nilimwamini. Habari za kesho, hata mvua usimwachie atabiri. Sasa mwenzake wa leo, yule aliyelala kifudifudi kwa ajili ya usaili, nimwamini kwa lipi?

"Umefika pale mjomba alipokunyima ng'ombe?" akauliza Mama Karanga.

Karanga zikanipalia.

"Kila usiku nasoma kwanza ndipo nafunga. Zile nzuri sifungii." Akafunua ungo, akatoa furushi lililofungwa kwa uzi. "Hii ya baba yako kuuza baiskeli akulipie ada, nimeisoma mara mbili. Chukua, hiyo sikutozi. Usaili umekwendaje?"

"Jina halikutoka, mama."

"Litatoka. Wewe si kila siku unafufuka?"

Kama angeishia hapo, ningeondoka na heshima yangu. Lakini sauti ya mwanamke aliyezoea kuita wateja sokoni haina mnong'ono.

"Ila mwanangu, huyu Zabibu si yule binti aliyeolewa Singida?"

Kijiwe kizima kikageuka. Kimya. Kisha yule mtangazaji akaniangalia magoti.

Sasa hivi nikitoka getini naitwa kwa jina hilo: "Zabibu, twende Majengo, buku tu!" Mama naye ameanza kuitikia kwa niaba yangu. Maombi mengine ya kazi nimeshatuma, na nimenunua kaunta buku jipya ninalolilalia kama mto. Mama Karanga ameshaliwekea oda: likijaa, nisithubutu kumpa yule wa maandazi.