Moyo kwenda mbio ukisimama: dawa ya damu inafaa lini?

Bukavu, binti akilalamika kwamba akiinuka moyo unakwenda mbio na kizunguzungu kinamshika, jibu la haraka ni kwamba damu imepungua, anywe feri (madini ya chuma). Wengine hupinga: hiyo ni POTS, hitilafu ya neva zinazoongoza mapigo, feri ya nini?

Apimwe kwanza. Alale dakika 10, mapigo yahesabiwe. Asimame bila kuegemea, yahesabiwe tena dakika ya 1, 3, 5 na 10, pamoja na tansiyo. Yakipanda 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19), tansiyo isiposhuka, na dalili zimedumu miezi 3, POTS hufikiriwa. Hufikiriwa tu, maana upungufu wa damu peke yake huleta hali hiyohiyo. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikiwa chini, itibiwe, kisha kipimo kirudiwe.

Hemoglobini nayo hudanganya. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwinuko huo huipandisha: gramu 12.3 kwa desilita kwa mwanamke inaweza kuficha upungufu. Akiba ya feri huonekana kwa feritini, kipimo ambacho watu hukiruka kwa sababu vidonge ni rahisi kuliko labo. Chini ya mikrogramu 30 kwa lita, akiba ni ndogo. Lakini maambukizi huipandisha feritini, kwa hiyo CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha maambukizi au uvimbe mwilini, ipimwe pamoja nayo.

Akiba ikiwa ndogo, feri ni haki yake, awe na POTS au asiwe nayo. Kidonge cha mg 200 cha sulfate ya feri kina takriban mg 65 za feri yenyewe. Kimoja, siku moja ndiyo na siku moja hapana, hufyonzwa vizuri kuliko dozi za kila siku: kila dozi huamsha hepsidini, homoni inayozuia utumbo kupokea feri kwa karibu siku nzima. Ameze na maji ya limau, mbali na chai. Choo cheusi kisimtishe. Baada ya miezi 3 apimwe tena. Feritini isipopanda, ulizieni hedhi nzito, minyoo, kidonda cha tumbo.

Wapinzani wana hoja nzito pale feritini ilipo nzuri. Tafiti zilizoona akiba ndogo kwa wenye POTS ni ndogo, na hazithibitishi kwamba kuijaza kunaponya. Mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana feri ya kumdhuru. Wasiopungukiwa hunufaika zaidi na maji lita 2 hadi 3 kwa siku, chumvi ya ziada (asiye na tansiyo ya juu wala ugonjwa wa figo), soksi za kubana na mazoezi yanayofanywa mtu akiwa amelala chali au ameketi. Na yule ambaye feritini imepita 50, moyo bado unaruka 30 akisimama, apelekwe kwa daktari wa moyo, asiuziwe boksi jingine la vidonge.