Haidrojeni Inadaiwa

Kundi letu la masomo lilikuwa na kiongozi ambaye akishika kikokotoo hakuna anayepumua. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuandika ubaoni, kisa mwandiko tu.

Swali lenyewe la kawaida: chombo cha lita 1 kina moli 1 ya haidrojeni na moli 2 za iodini (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), zinaungana kuwa haidrojeni iodidi. Kc, yaani ukolezi wa haidrojeni iodidi kipeo cha pili, gawanya kwa wa haidrojeni mara wa iodini, ni 50. Tafuta ukolezi (moli kwa lita) wa kila kitu msawazo ukishafika, kwenda na kurudi kwa mmenyuko kukiwa na kasi sawa. Tukaiita x haidrojeni iliyotumika. Inabaki 1 − x, iodini 2 − x, na haidrojeni iodidi inapatikana 2x. Ukiviingiza vyote kwenye Kc unaangukia 46x² − 150x + 100 = 0, na mlinganyo wa namna hii hutoa majibu mawili: 0.934 na 2.326.

Bosi akachagua 2.326. Kwa nini? "Kubwa ndiyo yenye alama."

Nikaenda ubaoni kwa mbwembwe, nikaandika: haidrojeni, −1.326.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hasi bado ipo. "Mlikuwa na moli moja," akasema, kwa upole ulionitia baridi, "mkatumia mbili na ushei. Hizo nyingine mlikopa kwa nani?"

Sijafungua mdomo, bosi akadakia kutoka nyuma: "Mwalimu, hakiki mwenyewe!"

Balaa ni kwamba ukihakiki, inakubali! 4.652 kipeo cha pili, gawanya kwa −1.326 mara −0.326, hasi mbili zinauana, unapata 50 na vumbi. Darasa likapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Kc imekubali," Mwalimu akasema, "chombo kimekataa. x haiwezi kuvuka 1, haidrojeni ikiisha imeisha." Akafuta kila kitu, akaanza na 0.934: haidrojeni 0.066, iodini 1.066, haidrojeni iodidi 1.87.

Bosi huyo! "Lakini Mwalimu, si mmenyuko huu huenda na kurudi? Basi ukirudi, deni litalipwa."

Mwalimu hakujibu. Alichukua karatasi yetu, akaandika juu kwa wino mwekundu: −2.

Bosi akaitazama, akanigeukia akininong'oneza: "Wale wa dirishani wamepata ngapi? Kama nao ni hasi, tuzidishe."