Senti 43 za mkurugenzi mtendaji

Leo nimeamshwa na imeili. Mapato yako ya mwezi uliopita yako tayari. Nikakaa kitako, nikatafuta miwani, maana nina apu yangu ya simu, mimi ndiye mkurugenzi mtendaji bwana, na ndiye mhasibu, na ndiye fundi, na ndiye ninayejifokea nikichelewa kazini. Nafungua: senti 43. Za dola, sawa, lakini senti ni senti. Na hao wa matangazo yanayotokea kwenye apu hawalipi mpaka ufikishe dola 100, nikapiga hesabu hata uso sijanawa, kwa mwendo huu malipo ya kwanza nayapata baada ya miaka 19 na ushee.

Halafu kuna jamaa kila tukikutana, "vipi bilionea wa apu, unatukumbuka lini?" Nikukumbuke na nini ndugu yangu.

Kuuza mnakujua wenyewe. Nilianza na dola 1, moja tu, mtu ana simu ya gharama kuliko laptopu yangu ananiandikia "kaka hakuna ya bure?" Nikaiweka bure nikatia matangazo, sasa ni "kaka punguza matangazo". Dada yangu kwa huruma zake akakesha anabonyeza matangazo ili nipate hela, kulipokucha zikafutwa zote na onyo juu, eti mibofyo batili. Mwingine kanipa nyota moja, chini kaandika apu nzuri sana Mungu akubariki. Namuuliza mbona nyota moja, anasema si ndo namba wani.

Ila hayo yote cha mtoto. Kuna mjomba, tangu apu haijatoka.

Duka la apu la Google linataka mwenye akaunti mpya kama mimi awe na watu 12 wa kuijaribu apu siku 14 mfululizo ndo aruhusiwe kuitoa kwa umma. Kumi na wawili! Mimi nikitangaza msiba kwenye grupu la ukoo wanajibu wawili, na mmoja wao anakosea anatuma kikatuni cha kucheka. Nikabembeleza, nikapata 11. Wa 12 akawa mjomba.

Apu yenyewe ni ya kukumbusha madeni. Unaandika unamdai nani na kiasi gani, inakupigia kengele. Na kuna hela fulani mjomba alinikopa, ya siku mbili tu, mwaka juzi. Hayo nikayaweka pembeni, kazi kwanza. Nikamtumia linki.

"Nibonyeze wapi mjomba?"

"Hiyo ya buluu, mjomba."

"Buluu hakuna. Kuna ya kijani."

"Ya kijani ni ya kunipigia mimi, umeshaibonyeza, ndo maana tunaongea."

Dakika 50. Simu imejaa, video za harusi tupu. Harusi ya nani mjomba? Hamjui bwana harusi wala bibi harusi, alitumiwa, ila hafuti kwa sababu wamependeza. Tukafuta picha zangu mimi. Ikaingia.

Siku ya 13, saa nne usiku, mjomba anapiga. Sauti ile ya kikao cha wazee.

"Mjomba, mimi na wewe tumeishi vizuri. Ungeniambia tu uso kwa uso. Siyo kuniwekea mdudu kwenye simu kila asubuhi unaniimbia MJOMBA, DENI, SIKU 412, tena leo mbele ya watu."

Kumbe kwenye mfano wa kuanzia unaokuja na apu, uvivu wangu, niliandika jina la kwanza lililonijia nikiwaza madeni.

"Mjomba huo ni mfano tu, siyo wewe peke yako, watu wote 12 wanauona."

"WATU WOTE 12 WANAUONA?"

Akajitoa. Siyo kufuta apu, kujitoa kwenye majaribio kabisa, yaani mlango wa kuingilia nilimwonyesha dakika 50, wa kutokea kaupata peke yake kwa sekunde tatu. Tukabaki 11. Nikaanza upya kutafuta mtu, siku 14 nyingine. Na hela hajalipa.

Sasa mwaka 2008, duka la Apple ndo kwanza limefunguliwa, Mjerumani mmoja akaweka apu inaitwa I Am Rich, dola 999.99, kazi yake kuonyesha jiwe jekundu. Basi. Watu 8 wakanunua kabla haijaondolewa. Jiwe! Halina kengele, halina mfano, halina mjomba. Mimi miezi minane nalala saa tisa usiku natafuta koma moja iliyokosekana kwenye programu, macho yamekuwa mekundu kuliko hilo jiwe, napata senti 43.

Na mtu ananifariji eti makato ya mauzo ya apu yalishuka, mwaka 2021 Apple na Google walianza kumkata mdogo asilimia 15 badala ya 30 mradi hajavuka dola milioni 1 kwa mwaka. Nashukuru sana. Sijavuka. Nimepungukiwa na kama milioni moja hivi.

Nilitaka nirekebishe ule mfano leo niweke jina la mtu asiyekuwepo duniani, lakini laptopu iko asilimia 4 na chaja haipo. Jana niliiacha hapahapa mezani. Na nimesema humu ndani mara ngapi, ile chaja yenye selotepu haiguswi, ukiikunja tu kidogo haipeleki moto, mpaka uilaze kushoto uweke kiatu juu, na kiatu chenyewe nacho sikioni