Mayai ya madhabahuni yalikuwa ya nani?

Kanisani kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki. Tunasimama nje, mzee wa kanisa anapanda ngazi na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai. Mtu ananunua mayai kwa bei ya kuruka, kisha anayarudisha yauzwe tena. Nimekulia kwenye minada hiyo na ninaipenda, hata inaponichelewesha chakula cha mchana. Ila tangu utotoni nina swali ambalo bibi hakupenda niliulize kwa sauti: katika hela hizi, mchungaji anapata ngapi?

Juzi nimekutana na neno lililokufa ambalo lingenijibu. Uingereza ya Zama za Kati walikuwa na altaragium kwa Kilatini. Mimi nitaliita altareji. Lilitaja vile vitu waumini walivyoleta altareni, na papo hapo likataja haki ya kasisi ya kuvichukua.

Ilikuwa hivi. Parokia nyingi zilikuwa zimekabidhiwa kwa monasteri. Monasteri ikawa ndiyo mwenye mali, ikazoa zaka kubwa za nafaka na nyasi kavu. Kijijini ikaweka kasisi wa kukaimu, na huyo ndiye aliyebatiza, akazika, akaamshwa usiku kwenda kwa mgonjwa. Riziki yake mara nyingi ilikuwa altareji: sarafu za peni za Krismasi na Pasaka, ada za ndoa na mazishi, na penginepo zaka ndogo za mayai, sufu na wanakondoo. Neno lilitanuka hadi mahakama za Uingereza zikawa zinaamua kesi za nini kimo ndani yake na nini hakimo. Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa kanisa wa mwaka 1215, uliagiza makasisi wa namna hii watengewe fungu la kutosha, maana wakubwa walikuwa wakiwaachia makombo.

Kwangu mimi, hilo lilikuwa neno lisilo na unafiki. Sadaka yetu ni kapu kubwa mno: humo wamo yatima, bati za paa, mafuta ya gari na posho ya mwinjilisti. Wakatoliki angalau wana zaka upande huu na sadaka upande ule, na nia ya Misa ina bahasha yake. Paulo mwenyewe hakuona haya. Katika 1 Wakorintho 9 anasema waziwazi kwamba wahudumu wa madhabahu wana fungu lao madhabahuni. Wenye haya ni sisi.

Lakini nikubali pia upande wa pili, kwa sababu una maiti ndani yake. Kitu kikishakuwa haki ya mtu, atakidai. Mwaka 1511 mfanyabiashara wa nguo wa London, Richard Hunne, alifiwa na mtoto mchanga wa wiki tano. Kasisi akataka kitambaa cha mtoto kama ada ya mazishi. Hunne akakataa. Wakashtakiana huku na kule, mwisho Hunne akatuhumiwa uzushi, yaani imani iliyo kinyume na ya kanisa, na Desemba 1514 akakutwa ananing'inia katika chumba cha gereza la askofu. Kanisa likamhukumu akiwa marehemu na kuuchoma mwili wake. Baadaye baraza la uchunguzi wa kifo likasema ameuawa. Yote hayo chanzo chake ni kitambaa! Mwaka 1529 Bunge likaweka kikomo cha ada za wafu, na aliyeacha mali ndogo asidaiwe kitu.

Kwa hiyo sitaki altareji irudi. Mimi nataka tu yule anayesimama kutangaza matoleo ya Jumapili iliyopita asiishie kwenye jumla. Aseme: kiasi hiki cha jengo, hiki cha dayosisi, hiki cha mchungaji na watoto wake. Najua wapo watakaoguna. Na wagune. Mchungaji wetu ana pikipiki inayosukumwa ili iwake, na bado kuna watu wanaonong'ona kwamba anakula sadaka. Kiasi chake kingetajwa, nadhani wengi wangeona aibu kwa udogo wake.

Jumapili hii nilimfuata mzee wa mnada. "Shikamoo, mzee. Hela ya leo inagawanywaje?"

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kidogo, akacheka, akanikabidhi jogoo nimshike.

"Elfu kumi na tano! Nani anaongeza?"