Kipoza cha prosesa kichaguliwe kwa joto la Tanga

Watu wengi wanaojiungia kompyuta nyumbani hapa Tanga huanza kwa kutafuta prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, yenye nguvu kadiri mfuko unavyoruhusu, na kipoza, kifaa cha kuiondolea joto, hununuliwa mwishoni kwa fedha iliyosalia. Naamini utaratibu huo una kasoro. Kipoza kinapaswa kuamuliwa siku ileile inapoamuliwa prosesa, pamoja na kasha na RAM (vibao vya kumbukumbu), na katika uamuzi huo iingizwe hesabu ambayo wauzaji hawaigusi kabisa, yaani joto la chumba ambamo mashine itakaa.

Naanza na joto hilo kwa sababu ndilo linalotutofautisha na wale ambao tunasoma vipimo vyao mtandaoni. Kipoza cha kawaida, kiwe cha feni au cha maji, hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulitupa katika hewa iliyokizunguka. Kwa hiyo prosesa haiwezi kushuka chini ya joto la hewa hiyo, na kila nyuzijoto moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa, au karibu na hapo. Chukua kipoza kilichopimwa Ulaya katika chumba cha nyuzi 22 za Selsiasi, kikaishikilia prosesa kwenye nyuzi 80. Kilete Makorora au Chumbageni mwezi Februari, wakati wa kaskazi, katika chumba cha nyuzi 32 kisicho na kiyoyozi, na prosesa ileile ikifanya kazi ileile itafika nyuzi 90 hivi. Hapo hatujahesabu hewa ya ndani ya kasha, ambayo kadi ya picha huipasha zaidi. Prosesa nyingi za Intel Core za miaka ya karibuni hujipunguzia kasi zikifika nyuzi 100, na nyingi za Ryzen 7000 za AMD zimewekewa kikomo cha nyuzi 95, kwa hiyo nyuzi 10 tunazoongezewa na bahari na jua ndizo zinazoamua kama mtu ataipata kasi aliyoilipia.

Ndiyo maana siridhiki na maneno ya dukani kwamba prosesa ni ya wati 65, yaani umeme inaoutumia na kuugeuza joto, na kipoza ni cha wati 65, basi mambo yamekwisha. Core i5-12400 kweli imeandikwa wati 65, lakini Intel yenyewe inaeleza kwamba inaweza kupanda hadi wati 117 inapofanya kazi nzito, na Ryzen 5 7600, ambayo nayo ni ya wati 65, huruhusiwa kufika 88. Isitoshe, watengenezaji wa vipoza hawana kipimo kimoja wanachokubaliana wanapoandika wati kwenye boksi, hivyo namba hiyo haifai kulinganishia kampuni moja na nyingine. Mimi huangalia wati za juu za prosesa, kisha nachukua kipoza kinachozizidi kwa nafasi ya kutosha, na kwa mji wetu nafasi hiyo naihesabu kuwa ni hitaji la lazima.

Soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ndipo fedha inapopotea kwa haraka zaidi. Kijana mmoja wa Ngamiani aliniletea mashine yake yenye madabodi ya LGA 1700, soketi ambayo Intel iliitoa mwaka 2021, ikiwa na kipoza cha LGA 1200 alichoagiza kutoka Dar es Salaam kikaja kwa basi. “Kaka, kimeingia,” aliniambia, “ila pini moja ilikuwa inagoma, ikabidi nitie tupa.” Matundu ya kufungia kipoza ya LGA 1200 yako umbali wa milimita 75 kutoka moja hadi jingine, na ya LGA 1700 ni milimita 78, tofauti hiyo ya milimita 3 alikuwa ameimaliza kwa kuchonga miguu ya kipoza. Tulipokifungua, pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ilieleza yote: upande mmoja ilikuwa imebanwa hadi chuma cha prosesa kikaonekana, na upande wa pili ilibaki nene kama ilivyotoka kwenye bomba. Hata matundu yangelingana, prosesa za LGA 1700 hukaa chini kidogo kuliko zile za kabla yake, kwa hiyo vishikizo vya zamani havizibani inavyotakiwa. Dawa ni kununua vishikizo vilivyotengenezwa kwa soketi hiyo, na vipoza vingi vizuri vinavyo. Soketi ya Intel iliyofuata, LGA 1851 ya mwaka 2024, imebaki na umbali uleule wa milimita 78, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kwa upande wa AMD mambo ni mepesi. Vipoza vya soketi yake ya AM4 vinavyofungwa kwenye bati la nyuma linalokuja na madabodi hukubali pia soketi iliyofuata, AM5, ila vile vinavyotaka bati lao wenyewe havikubali, kwa kuwa bati la AM5 halitolewi.

Baada ya soketi kuna kimo. Hyper 212 EVO ya Cooler Master ina kimo cha milimita 159, Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright milimita 155, na NH-D15 ya Noctua milimita 165. Kasha linaloruhusu milimita 158 litafungika vizuri kwa moja tu kati ya hivyo vitatu. Kisha tazama RAM: zile zenye taa na mapambo marefu huigusa feni ya mbele, ukaipandisha feni ili zipite, na kimo chote kikapanda nayo mpaka mlango wa kasha ukakataa kufunga. Inanisikitisha kwamba matangazo mengi ya mitandaoni huonyesha picha ya taa za rangi bila kutaja soketi wala kimo, ilhali namba hizo mbili zingemwokoa mnunuzi wa Tanga gharama ya kurudisha mzigo Kariakoo.

Kuhusu vipoza vya maji, msimamo wangu ni kwamba wengi wetu hatuvihitaji. Rejeta yake, hata ikiwa ya milimita 360, inatupa joto katika hewa ileile ya chumba, hivyo haituepushi na kaskazi. Maji yake hupungua polepole kupitia mipira kadiri miaka inavyopita, na pampu ikifa hakuna kinachobaki cha kutegemea. Kipoza cha hewa kikiharibika, aghalabu ni feni, na feni ya milimita 120 inapatikana, inafungwa kwa bisibisi, na kazi inaendelea jioni hiyohiyo. Mwenye prosesa kama Core i9-13900K inayoweza kufika wati 253 ana sababu ya kufikiria maji, mradi amefikiria pia kiyoyozi. Kwa vyovyote vile, mapezi ya kipoza, yaani mabati membamba yanayotawanya joto, yasafishwe mara kwa mara, maana vumbi likichanganyika na unyevunyevu wa pwani hugandamana na kuzuia hewa kupita.

Na kwa yule ambaye tayari anayo prosesa kali na hana fedha ya kipoza kikubwa, ipo njia ambayo watu hawaitumii vya kutosha, nayo ni kuipunguzia prosesa wati kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi. Ryzen 7 7700X iliyoruhusiwa kufika wati 142 inaweza kuwekewa kikomo cha 88, ikapoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake, na kipoza cha bei ya kawaida kikaimudu hata mchana wa Februari.