Sahihi mbili Leicester, sahihi mia tano Kisauni

Huku Leicester, Uingereza, mtu akitaka udiwani bila chama, wapiga kura wawili wa eneo lake wanamtilia sahihi fomu na imekwisha. Hatozwi hata senti. Kwetu Kisauni, Mombasa, mgombea huru wa uwakilishi wadi anatakiwa na katiba alete wapiga kura 500 wa wadi yake. Ubunge ni 1,000, useneta 2,000.

Kwa pesa, naisifu Kenya. Anayegombea ubunge Uingereza huweka amana ya pauni 500, na asipovuka asilimia 5 ya kura, pesa hizo zinapotea. Kwetu ada ya ubunge ilikuwa shilingi 20,000 mwaka 2022, na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu walilipa nusu. Hiyo ni haki.

Ila hizo sahihi! Fikiria mwalimu wa Mishomoroni asiye na jina kubwa. Abishe hodi nyumba kwa nyumba baada ya kazi, jua la Mombasa linamjua, na kila mlango wa tatu anaulizwa, "Na sisi utatuachia nini?" Mwenziwe mwenye cheti cha chama hadaiwi sahihi hizo 500. Mzigo huo anaubeba tajiri au mtu mashuhuri. Mwanahabari Mohamed Ali alishinda ubunge wa Nyali, Mombasa, mwaka 2017 kama mgombea huru, na nilifurahi, lakini tayari nchi nzima ilikuwa ikimtazama kwenye runinga. Hapa Leicester South mwaka 2024, Shockat Adam, mtaalamu wa macho, aliingia ulingoni bila chama na sahihi 10 tu zinazotakiwa kwa ubunge, akambwaga Jonathan Ashworth wa chama cha Labour kwa kura 979.

Najua tulikotoka. Kabla ya katiba ya 2010, bila chama hukugombea kabisa. Mlango umefunguliwa, alhamdulillahi, lakini bado ni mwembamba mno kwa mnyonge. Kwa wadi, sahihi 50 zingetosha kuonyesha kuwa mtu ana watu. Hilo lataka marekebisho ya katiba, na wabunge wetu wa Pwani waanze kulisemea.

Kinachoniuma zaidi: mimi Mkenya, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola, nachagua diwani na mbunge wa huku. Wa Kisauni siwachagui. Sisi wa ng'ambo tunapigia rais peke yake.

Na kuna mtego mwingine. Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kijana wa Mombasa mwenye nia, angalia jina lako kwa Msajili wa Vyama vya Siasa sasa, na likiwa mahali usipopajua, dai liondolewe kabla ya Mei 2027.